Jilbabu kwenye lango la shule: uchambuzi wa kisa kimoja cha sare nchini Uingereza

Kisa hiki ni cha kweli, na kilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo. Jina la mwanafunzi, la shule, la mji na la walimu nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa mhusika mkuu alikuwa mtoto na ana haki ya kuishi maisha yake bila kukumbushwa kila mara. Nimekichagua kwa sababu habari za mavazi ya dini katika taasisi za Magharibi hutufikia mara nyingi kama ugomvi kati ya taasisi isiyoujua Uislamu na Mwislamu asiyesikilizwa. Katika kisa hiki taasisi iliujua Uislamu, mkuu wake alitoka katika familia ya Kiislamu, sare yake ilipangwa kwa kushauriana na maimamu, na hata hivyo binti mmoja alikaa nje ya darasa kwa takribani miaka miwili.

Mazingira ya shule

Ilikuwa shule ya sekondari ya serikali, ya wavulana na wasichana wa miaka 11 hadi 16, katika mji wa viwanda ulio kaskazini ya London. Kiasi cha asilimia 79 ya wanafunzi walikuwa Waislamu. Kwa jumla walihesabiwa wanafunzi wa makabila na asili 21 na wa makundi 10 ya kidini. Mwalimu mkuu, aliyeshika nafasi hiyo tangu mwaka 1991, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Kibengali na alikulia India, Pakistan na Bangladesh kabla ya kuhamia Uingereza. Wajumbe kadhaa wa bodi ya shule walikuwa Waislamu, na mmoja wao aliongoza baraza la misikiti la mji ule.

Mwaka 1993 bodi iliitazama upya sare. Wazazi, wanafunzi, walimu na maimamu wa misikiti mitatu ya jirani waliulizwa maoni yao, na yaliyoamuliwa yalikuwa matokeo ya mazungumzo hayo. Msichana angeweza kuchagua sketi, suruali au shalwar kameez, ambayo ilishonwa kwa namna ya shule: gauni lisilo na mikono lenye shingo ya mraba, ili ukosi wa shati na tai vionekane, shati jeupe la mikono mirefu ndani yake, suruali inayobana kwenye vifundo vya miguu, na sweta ya shule isipokuwa siku za joto. Baadaye mtandio wa rangi iliyowekwa nao uliruhusiwa. Shalwar kameez ile ilivaliwa na Waislamu, Wahindu na Masingasinga, na hili ndilo lililoifurahisha bodi, kwamba vazi moja la heshima liliwaunganisha wasichana wa dini mbalimbali badala ya kuwagawa.

Nalieleza vazi hili kwa kirefu kwa sababu kesi yote ilikuja kusimama juu ya sentimita chache za kitambaa. Msomaji wa pwani anajua kwamba tofauti ya buibui, juba na gauni refu lenye ushungi si jambo dogo kwa anayevaa, ingawa mpita njia ataona wote wamejistiri.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2002

Binti wa kisa hiki alijiunga na shule hiyo mwaka 2000. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki na mama yake hakuzungumza Kiingereza, kwa hiyo mambo ya shule yalishughulikiwa zaidi na ndugu zake wakubwa. Familia iliichagua shule hiyo ingawa haikuwa ya eneo lao la makazi. Dada yake alisoma pale na kuvaa shalwar kameez, na yeye mwenyewe aliivaa kwa miaka miwili bila kulalamika.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo, akikaribia kutimiza miaka 14, alifika akiwa amevaa jilbabu, vazi pana na refu linaloficha umbo la mwili kuanzia mabegani hadi miguuni. Aliongozana na kaka yake na kijana mwingine. Walionana na mwalimu mkuu msaidizi. Wanaume wale wawili ndio waliozungumza zaidi, na walizungumzia haki za binadamu na uwezekano wa kwenda mahakamani. Mwalimu aliyaona maneno hayo kuwa ya vitisho. Alimwambia binti arudi nyumbani, abadili nguo, kisha arejee akiwa na sare. Vijana walijibu kwamba hawako tayari kuregeza msimamo, wakaondoka naye.

Kwa ninavyoyaona mimi, dakika zile ndizo zilizoamua miaka miwili iliyofuata. Wanaume watatu walizungumza juu ya mwili na imani ya msichana aliyekuwa amesimama hapo hapo, na katika kumbukumbu za kesi sauti yake siku ile karibu haisikiki. Hakuna aliyemketisha pembeni, pamoja na mwalimu wa kike anayemwamini, akamwuliza kwa utaratibu ni nini kilichobadilika moyoni mwake wakati wa likizo. Pengine angejibu kwamba amesoma na kutafakari, na kwamba sasa, akiwa amebaleghe, anaamini stara ya shalwar kameez haimtoshi. Pengine angeonyesha dalili kwamba kuna anayemsukuma. Majibu hayo mawili yangehitaji hatua mbili tofauti kabisa, lakini shule ilichukua hatua bila kujua ni lipi la kweli.

Maamuzi ya shule na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kushikilia sare. Sababu yake haikuwa chuki. Mwalimu mkuu aliamini kwamba sare ndiyo iliyowasaidia watoto wa asili nyingi kukaa pamoja bila kushindana na bila kugawanyika kufuatana na mavazi, na kwamba matokeo mazuri ya shule yalitokana kwa sehemu na mshikamano huo. Kulikuwa na sababu nzito zaidi, nayo ilitoka kwa wasichana wenyewe. Baadhi yao, Waislamu, waliwaambia walimu kwamba jilbabu ikiruhusiwa watashinikizwa waivae, na kwamba hawataki wasichana wa shule wagawanywe kuwa wacha Mungu na wasio wacha Mungu kwa kutazamwa nguo. Mwaka 2004 watu wa kikundi chenye msimamo mkali walisimama nje ya lango wakiwahubiria wanafunzi na kugawa vikaratasi. Hofu ya wasichana wale ilikuwa na msingi.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kiutawala, na ni rahisi kuupita bila kuuona. Shule haikumfukuza binti wala kumsimamisha kwa barua rasmi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mlango uko wazi wakati wote, mradi aje na sare. Ziliandikwa barua nyumbani, na maofisa wa halmashauri wanaofuatilia mahudhurio wakahusishwa. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake yalikuwa mabaya, kwa sababu mtoto anayefukuzwa rasmi nchini Uingereza ana tarehe za mwisho, ana kikao cha kusikilizwa na ana njia ya kukata rufaa. Mtoto ambaye "anakaribishwa wakati wowote" hana hata kimoja cha hivyo. Alibaki nyumbani wiki baada ya wiki, hayumo na hajatolewa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutafuta fatwa. Shule iliuliza misikiti na taasisi za Kiislamu kama sare yake inakidhi masharti ya stara, na ushauri iliouegemea ulisema inakidhi. Kamati ya bodi iliyosikiliza malalamiko mwaka 2003 iliuthibitisha msimamo wa shule. Wapo wanazuoni waliosema jilbabu ni wajibu kwa aliyebaleghe, lakini hao walichukuliwa kuwa wachache.

Upande wa familia nao ulifanya maamuzi yake. Ulichagua lugha ya kesi tangu saa ya kwanza, na ulikataa kumrudisha binti na sare hata kwa muda. Katika mji ule zilikuwapo shule tatu zilizoruhusu jilbabu, lakini binti hakuhamia mojawapo hadi Septemba 2004. Mawakili walipoingia, Oktoba 2002, waliliita jambo hilo kufukuzwa shule kinyume cha sheria, na tangu hapo kila barua iliandikwa kwa kumfikiria hakimu.

Safari ya mahakamani

Mashtaka yalisimama juu ya kifungu cha 9 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda uhuru wa dini, pamoja na haki ya elimu iliyomo katika itifaki ya kwanza ya mkataba huo. Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika Oktoba 2000, ilizibana shule za serikali kuufuata mkataba huo.

Mahakama Kuu ilimkatalia binti Juni 2004. Tarehe 2 Machi 2005 Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi, na hoja yake iliwashtua walimu wakuu wa nchi nzima. Majaji hawakusema kwamba jilbabu lazima iruhusiwe. Walisema kwamba shule ilianzia mahali pasipo sahihi: ilianza na sare na kumtaka mtoto aifuate au atafute shule nyingine, wakati ilipaswa kuanza na haki yake, kisha yenyewe ibebe mzigo wa kueleza kwa nini haki hiyo inabanwa. Walikubali kwamba shule ikilifikiria upya jambo hilo kwa mpangilio sahihi ingeweza kufika pale pale.

Tarehe 22 Machi 2006 majaji watano wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, waliipa shule ushindi kwa kauli moja. Lakini umoja wao ulikuwa wa matokeo, si wa sababu. Lord Bingham, Lord Hoffmann na Lord Scott waliona kwamba haki ya binti haikuingiliwa kabisa, kwa kuwa familia iliichagua shule ikiijua sare yake, na kulikuwa na shule nyingine ambazo angeweza kwenda. Lord Nicholls na Baroness Hale waliona kwamba iliingiliwa, ila kwa sababu halali na kwa kiasi kinachofaa. Wote waliikataa hoja ya Mahakama ya Rufaa kuhusu mpangilio wa kufikiri: mahakama, walisema, hupima kama haki imevunjwa, haipimi kama mwalimu mkuu alijadili jambo kwa utaratibu wa mwanasheria.

Hoja ya Baroness Hale ndiyo ninayoirudia kila ninapoisoma hukumu hiyo. Alikumbusha kwamba shule huchaguliwa na wazazi au walezi wakati mtoto yu mdogo, na kwamba haifai kudhani kila mtoto anajifunga na uchaguzi huo, hasa anapokuwa katika umri wa kujitafuta. Wakati huo huo aliona kwamba shule ina wajibu wa kumlinda msichana mwingine ambaye naye bado anajitafuta, asije akabebeshwa vazi kwa shinikizo la wenzake au la wanaume. Majaji wanaume watatu walimwona mteja wa shule aliyejua masharti alipoingia. Yeye aliwaona watoto wawili.

Matokeo

Shule ilibaki na sare yake na ikajengewa jina katika kila kitabu cha sheria ya elimu cha Uingereza. Binti alipata nafasi katika shule nyingine iliyomruhusu jilbabu Septemba 2004, kabla ya hukumu mbili za juu kutolewa, kwa hiyo hukumu zile hazikumrudishia siku hata moja ya darasa. Mahakama ya mwisho iliona kwamba haki yake ya elimu haikuvunjwa, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kurudi. Kisheria jambo hilo limekwisha. Kielimu, alikosa masomo ya darasani kuanzia alipokaribia miaka 14 hadi alipokaribia 16, umri ambao wenzake walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya sekondari.

Uchambuzi: yaliyofaa

Mashauriano ya mwaka 1993 yalifaa, na yanastahili kusifiwa wazi. Wakati Ufaransa ilikuwa ikielekea kwenye sheria ya tarehe 15 Machi 2004, iliyopiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali, shule hii ilikuwa imepitia njia ngumu zaidi: kuwauliza wenye dini wanahitaji nini, kisha kulishona hitaji hilo ndani ya sare. Pasipo kazi ile ya 1993, sidhani kama majaji wa mwisho wangekuwa na moyo wa kuipa uzito hukumu ya mwalimu mkuu.

Kuwasikiliza wasichana wenye hofu nako kulifaa. Taasisi nyingi zinapozungumzia utofauti huhesabu kila jumuiya ya dini kuwa sauti moja, na msemaji wake ni anayezungumza kwa nguvu zaidi. Shule hii iliona kwamba ndani ya Waislamu wake kuna wanaotaka jilbabu na wanaoiogopa, na kwamba kumkubalia mmoja kunaweza kumgharimu mwingine.

Uchambuzi: yaliyokwama

Mashauriano yalifanyika mara moja na kugeuka kuwa hati ya kudumu. Mwaka 1993 binti wa kisa hiki alikuwa na umri wa miaka minne au mitano. Maimamu walioulizwa walikuwa wa misikiti ya wazee, wakati katika miaka iliyofuata vijana wa Kiislamu wa Uingereza walianza kujisomea dini wenyewe, kwa mihadhara, vijitabu na intaneti, na wengi wakafikia msimamo mkali zaidi wa stara kuliko wa mama zao. Shule ilijibu swali la kizazi kipya kwa makubaliano ya kizazi kilichopita. Kama bodi ingekuwa na kawaida ya kuirudia sare kila baada ya miaka michache, ikiwaketisha wasichana wenyewe mezani, hitaji hilo lingejitokeza kama hoja kwenye kikao kabla ya kujitokeza kama mgogoro langoni.

Kwenye suala la fatwa, shule iliuliza swali lisilo lake. Kujua kwamba maimamu wengi wanaikubali shalwar kameez kunasaidia kueleza kwa nini sare ni ya haki kwa walio wengi. Hakumjibu aliyeamini vinginevyo. Sheria ya Ulaya hulinda imani ya mtu mmoja aliye mkweli hata akiwa peke yake, na hakuna jaji aliyetilia shaka ukweli wa imani ya binti huyu. Taasisi ya serikali inapoingia kupima tafsiri ipi ya dini ni sahihi, inajivika kilemba kisicho chake, na aliyeko upande wa wachache huondoka akiamini kwamba ameambiwa yeye si Mwislamu sawasawa.

Kosa zito zaidi liko katika muda. Kuanzia Septemba 2002 hadi Septemba 2004 hakuna aliyejitwika jukumu la kuhakikisha kwamba mgogoro unaendelea huku mtoto anasoma. Shule ilisema mlango uko wazi, familia ikasema haki haigawanywi, halmashauri ikafuatilia mahudhurio, na mawakili wakaandika. Naiona familia kuwa na lawama yake hapa, na lawama ya kaka si ndogo, kwa sababu mtu anaweza kushtaki sera ya shule moja huku mdogo wake akisoma katika nyingine. Lakini wajibu wa kwanza ni wa taasisi, ambayo ina walimu, ina ofisi na ina mamlaka, na ambayo ilikuwa ikishughulika na mtoto wa miaka 13.

Njia ya kati ilikuwapo. Bodi ingeweza kutoa ruhusa ya muda, kwa maandishi, yenye tarehe ya kumalizika, ikisema kwamba binti ataingia darasani na jilbabu ya rangi ya sare kwa wiki kadhaa, bila kuathiri uamuzi wa mwisho, na kwamba katika wiki hizo atasikilizwa yeye peke yake, kisha familia, kisha wasichana wenye hofu. Pingamizi ninalolijua ni kwamba ruhusa ya muda huwa ya kudumu na kwamba wasichana wengine wangeanza kushinikizwa siku hiyo hiyo. Hatari hiyo ni ya kweli. Ila shinikizo ambalo walimu wanaliona darasani linaweza kushughulikiwa na walimu, tena mapema.

Kesi mbili za baadaye

Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya msichana wa Kisingasinga wa Wales aliyezuiwa kuvaa kara, bangili ya chuma ya dini yake, katika shule iliyokataza vito. Shule ilishindwa, safari hii kwa sheria za ubaguzi wa rangi na za usawa. Bangili ni nyembamba na haikuwa na historia ya mashauriano upande wa shule, na hivyo viwili vinaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya matokeo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba msichana yule alifundishwa kwa wiki kadhaa akiwa ametengwa na wenzake kabla ya kuondolewa shuleni. Kwa hiyo ruhusa ya muda ninayoitetea ina sharti: mtoto akae darasani mwake, na rafiki zake, si katika chumba cha pembeni chini ya ulinzi.

Kwetu, swali hilo hilo lilizuka Isiolo, Kenya, katika shule ya serikali inayofadhiliwa na kanisa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu wasichana wa Kiislamu wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyoingizwa katika kesi, bila kulimaliza swali lenyewe. Hapo walio wengi na walio wachache wamebadilishana nafasi, kwani mfadhili ni Mkristo na wanaoomba ni Waislamu. Lakini miaka ilipita vile vile, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza wakati shauri linafunguliwa alikuwa amekwisha kuvuka umri wa kuvaa sare yoyote shauri lilipofungwa.